Anayeuliza wa Kwanza: Mahojiano na Kumbukumbu ya Shahidi

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya masheha, wapelelezi na wanafunzi wa sheria)

Waheshimiwa masheha, ndugu wapelelezi, mabibi na mabwana, assalamu alaykum.

Shahidi wa hapa kwetu aghalabu huwa ameshahojiwa kabla askari hajafika: ameulizwa na waliomzunguka barabarani, ameulizwa na sheha, na barazani ameshawasikia wenziwe wakiisimulia habari ileile kwa namna yao. Hoja yangu ni kwamba anayeuliza wa kwanza ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuihifadhi kumbukumbu ya shahidi au kuiharibu, na anayemfuata, hata akiwa hodari, ni vigumu kuirudisha ilivyokuwa.

Mwaka 1974, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawataka wakisie mwendo wake. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walikisia kwa wastani kilomita 66 hivi kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikisia 51. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno zito walisema waliona vioo vimevunjika, ilhali havikuwamo; miongoni mwa 50 walioulizwa "yalipogongana" tu, waliosema hivyo walikuwa 7. Hawa hawakusema uongo. Swali lilikuwa limeshachanganyika na walichokiona.

Katika miaka ya 1980, wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman walibuni mbinu inayoitwa mahojiano ya kiutambuzi, yaani kumsaidia shahidi akumbuke mwenyewe bila kumtilia maneno kinywani. Tuchukue mfano wa bodaboda iliyomgonga mtoto katika barabara ya Wete, na bibi aliyekuwa kando akigeuza karafuu zake juu ya jamvi. Kijana wa upelelezi akija na "Bibi, bodaboda ilikuwa mbio, sivyo?" atajibiwa "Ndiyo, mwanangu", kwa kuwa bibi anamheshimu mtu wa serikali na anadhani ameshajua. Ni bora amwamkie, akae, amwambie: "Mimi sikuwepo, bibi, uliyeona ni wewe. Nieleze yote, hata unaloliona dogo, na usilolijua sema hulijui." Kisha amrudishe pale kwa utulivu: alikaa upande gani wa jamvi, jua lilimpiga wapi, alisikia nini kabla ya kishindo, harufu gani ilikuwepo. Akipenda, afumbe macho. Baada ya hapo kijana anyamaze.

Kunyamaza ndiko kunakotushinda. Uchunguzi wa kanda za mahojiano ya wapelelezi wa Florida, uliochapishwa mwaka 1987, ulionesha kuwa walimkatiza shahidi kwa wastani wa sekunde 7.5 tu tangu aanze kujibu. Tena shahidi akishakatizwa mara mbili tatu hujifunza kutoa majibu mafupi, na maelezo marefu hayapatikani tena.

Mbinu hiyo pia ina kusimulia kinyumenyume, kuanzia mwisho, jambo linalomzuia shahidi asijazie kwa mazoea. Ile ya kumtaka aeleze kama angekuwa amesimama kwingine mimi siipendekezi, hasa kwa watoto, maana inakaribisha kubuni. Na tusiitukuze mbinu nzima kupita kiasi: huongeza sana maelezo sahihi, lakini makosa machache nayo huongezeka, na inataka muda ambao kituo chenye watu foleni hakina.

Kwa hiyo sheha anayefika wa kwanza hatarajiwi kuhoji kwa urefu. Awatenganishe mashahidi kabla hawajakaa pamoja, amwulize kila mmoja swali moja tu, "Umeona nini?", na aandike jibu kwa maneno ya msemaji mwenyewe, bila kuyanyoosha. Akiulizwa na shahidi wenzake wamesema nini, asimwambie.