Mfupa Uliosubiri Jina: Mhadhara Kuhusu Chimbuko la Dinosaria

Wazee wetu shikamooni. Mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi wenzangu mliojaa huku mbele, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze ninachosomea. Nawaomba muwaweke kando kwanza dinosaria mnaowajua kwenye picha, wale wa shingo ndefu na wale wa meno makali. Hao walikuja baadaye sana. Mimi nasomea waliowatangulia, viumbe wa enzi ya Triasiki, iliyoanza takriban miaka milioni 252 iliyopita na kuisha takriban miaka milioni 201 iliyopita. Wengi wao hawakufika kiunoni mwa mtu mzima.

Nianze na mfupa mmoja. Ni mfupa wa mkono wa juu, unaotoka begani hadi kwenye kiwiko. Uliokotwa miaka ya 1930 katika bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Nyasa, pamoja na pingili chache za uti wa mgongo. Aliyeukusanya ni Francis Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Miamba ya hapo wanajiolojia huiita Tabaka za Manda. Mifupa ilisafirishwa hadi Uingereza, na miaka ya 1950 ikafika mikononi mwa mwanafunzi, Alan Charig, aliyeichambua katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1956. Charig aliona kuwa ana kitu kikubwa mbele yake. Hata hivyo maelezo rasmi ya mnyama huyo hayakuchapishwa, na mwaka 1997 Charig akafariki. Ilipofika 2013 ndipo mtafiti Sterling Nesbitt na wenzake wakamtambulisha rasmi kwa jina la Nyasasaurus parringtoni. Jina la Charig wakaliweka miongoni mwa waandishi wa makala hiyo, ingawa miaka zaidi ya kumi na mitano ilikuwa imepita tangu afariki. Kwangu mimi hiyo ni haki iliyotendeka.

Kwa nini mfupa mmoja uwashughulishe watu kiasi hicho? Sehemu ya juu ya mfupa huo ina tuta ambalo misuli ya bega na kifua ilishikilia. Kwa dinosaria tuta hilo ni refu, linazidi asilimia 30 ya urefu wa mfupa wote, na hivyo ndivyo lilivyo kwa Nyasasaurus. Halafu kuna ndani ya mfupa. Ukiukata na kuutazama kwa hadubini unaona nyuzi zilizosukwa bila mpangilio, zimezungukwa na njia nyingi za mishipa ya damu. Mfupa wa namna hiyo ni wa mnyama aliyekua haraka. Kwa ushahidi huo watafiti wakaandika kwamba huyu ama ni dinosaria wa kale kuliko wote tunaowajua, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Hawakwenda mbali zaidi ya hapo. Napenda sana uangalifu huo, na nitawaeleza unatoka wapi.

Zamani mwanafunzi aliweza kukariri orodha ya alama za dinosaria: tundu la nyonga lililo wazi, miguu iliyosimama wima chini ya mwili, na kadhalika. Orodha hiyo imekuwa ikipungua kila tunapopata jamaa wapya, kwa sababu alama tuliyodhani ni ya dinosaria peke yao tunaikuta kwa mnyama wa ukoo wa pembeni. Bonde hilohilo la Ruhuhu limechangia sana. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe, jamaa wa dinosaria aliyetembea kwa miguu minne, na mifupa yake ilipatikana kwa wingi, kutoka kwa wanyama kadhaa wa umri tofauti.

Kisha akaja Teleocrater. Huyu naye Parrington alimkusanya, mwaka 1933, na Charig akamwandika katika tasnifu ileile. Tatizo ni kwamba mifupa muhimu ya kifundo cha mguu haikuwepo, na bila hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika mnyama huyo ni wa upande gani. Maana ukoo huu mkubwa una matawi mawili yaliyobaki hai hadi leo, tawi la mamba na tawi la ndege, na dinosaria wamo katika tawi la ndege. Mwaka 2015 mifupa mipya ilipatikana karibu na mahali pa awali, na mwaka 2017 matokeo yakachapishwa. Teleocrater ni wa tawi la ndege, tena karibu na shina lake. Lakini alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu, akitembea kwa miguu minne, akila nyama, na kifundo chake cha mguu kilifanana na cha mamba! Vitabu vilikuwa vikichora wahenga wa dinosaria kama viumbe vidogo vyepesi vinavyokimbia kwa miguu miwili. Picha hiyo ilibidi ichorwe upya.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani tunakaa uwandani mwaka mzima na brashi mkononi. Uwandani ni majuma machache, baada ya vibali. Kazi ndefu iko maabara. Jiwe linafika limefungwa kwa gunia lililochovywa plasta, nawe unaliondoa kidogo kidogo kwa sindano, jicho likiwa kwenye hadubini. Mfupa ukianza kumeguka unaupaka gundi nyepesi ambayo kesho unaweza kuiyeyusha kwa asetoni, kwa sababu atakayekuja baada yako huenda atataka kuifumua kazi yako na kuanza upya, na ana haki hiyo. Mifupa ya Triasiki mingi ni midogo na imepondwa na uzito wa miamba. Kipande kimoja kinaweza kukuchukua miezi.

Utafiti wangu mwenyewe ni wa ukuaji, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo. Tukiokota mfupa mdogo wa paja tunajiuliza: huyu ni mnyama wa aina ndogo aliyekwisha kukomaa, au ni mtoto wa aina kubwa? Ukikosea hapo, kila kitu kinachofuata kinakosewa. Unaweza kuwapa majina mawili mzazi na mwanawe. Njia ya zamani ilikuwa kutazama makovu ya misuli kwenye mfupa wa paja, kwamba mtoto hana, mkubwa anayo. Mwaka 2016 Christopher Griffin, wakati huo akiwa mwanafunzi, pamoja na msimamizi wake Nesbitt, walichunguza mifupa mingi ya Coelophysis, dinosaria mdogo ambaye mamia ya mifupa yake ilifukuliwa Ghost Ranch, New Mexico, Marekani, kuanzia mwaka 1947. Walikuta kwamba wanyama wa ukubwa uleule walitofautiana mno. Mmoja ana makovu yote, mwenzake wa kimo kilekile ana machache. Ndege wa leo hawako hivyo, wao hukua kwa mpangilio unaokaribiana. Asilisaurus naye alionyesha tofauti kama hizo, kwa hiyo hali hii ni ya kale.

Kwa sababu hiyo makovu peke yake hayatoshi, na inabidi mfupa ukatwe. Kwanza unatengeneza nakala yake kamili, unaupiga picha na kuupima kila upande, kwa kuwa unakwenda kuharibu kitu ambacho hakitapatikana tena. Halafu unauzamisha katika resini, utomvu unaoganda na kuwa mgumu, unaukata kwa msumeno wa almasi na kusugua kipande hadi kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hapo unaona mistari ya ukuaji, na mara nyingi mstari mmoja ni mwaka mmoja ambao mnyama alipunguza mwendo wa kukua. Kuomba ruhusa ya kukata mfupa wa jumba la makumbusho ni jambo zito, na ninaona ni sawa liwe zito.

Mmeona jinsi wanafunzi wanavyojitokeza katika habari hii. Mbiresaurus, dinosaria wa kale wa takriban miaka milioni 230 kutoka wilaya ya Mbire kaskazini mwa Zimbabwe, alifukuliwa na timu aliyokuwamo Griffin, katika safari za 2017 na 2019, na akatangazwa mwaka 2022. Karibu mifupa yake yote ilipatikana, jambo la nadra sana kwa umri huo. Na mwaka 2017 Matthew Baron, mwanafunzi wa udaktari Cambridge, pamoja na wasimamizi wake, walipendekeza kuupanga upya mti mzima wa ukoo wa dinosaria. Mgawanyo uliokuwa ukitumika uliwekwa na Harry Seeley mwaka 1887, kwa kufuata umbo la nyonga. Baron alichukua sifa mamia za mifupa, akazijaza katika jedwali, kompyuta ikatafuta mti unaozieleza vizuri zaidi, na mti uliotoka haukuwa wa Seeley. Mwaka huohuo kundi jingine la watafiti lilipitia upya jedwali lake, likaurudisha mti wa zamani kileleni, lakini kwa tofauti ndogo mno kiasi kwamba pendekezo la Baron halikuweza kutupwa. Huo ndio ugomvi ninaoupenda katika fani hii, kwa kuwa unaweza kuushiriki mwenyewe. Unarudi kwenye mfupa, unatazama kama sifa ile ipo au haipo.

Kuna simulizi moja nisiyokubaliana nayo, nayo ni kwamba dinosaria walitawala kwa sababu walikuwa bora kuliko wote tangu mwanzo. Nendeni Ischigualasto, Argentina, kwenye miamba ya miaka milioni 231 hivi, walikotoka Herrerasaurus na Eoraptor. Wanyama wa kawaida pale ni walaji majani wenye midomo iliyopinda, wanaoitwa rinkosau. Dinosaria ni wachache. Kwa muda mrefu jamaa wa mamba ndio waliokuwa na maumbo ya kila aina: wenye magamba ya kujikinga, wawindaji wakubwa, hata wa kutembea kwa miguu miwili. Kisha, mwishoni mwa Triasiki, Pangaea, bara moja kubwa lililounganisha nchi kavu zote, ilipoanza kupasuka, volkeno kubwa zilivuruga hali ya hewa. Karibu jamaa wote wa mamba walitoweka, na dinosaria wakavuka. Baadhi ya sifa zao huenda ziliwasaidia, lakini mtu aliyewaona miaka milioni 230 iliyopita asingewatabiria ushindi wowote.

Kabla hatujafunga, mama mmoja pale nyuma ameniandikia swali: je, nisimame hapa niseme dinosaria wa kwanza alitoka Tanzania? Mama, ningependa kusema hivyo, na bado siwezi. Umri wa Tabaka za Manda, kama miaka milioni 243 hivi, umekadiriwa hasa kwa kulinganisha wanyama wake na wale wa Afrika Kusini, na wapo wanaojadili kama tabaka hizo ni changa zaidi. Tahadhari inatoka Argentina. Tabaka za Chañares, zenye jamaa wengi wa dinosaria, zilipimwa kwa chembe za zirkoni, aina ya madini, zitokanazo na majivu ya volkeno, na mwaka 2016 ikatangazwa kuwa ni za miaka milioni 236 hadi 234, pungufu ya ilivyodhaniwa kwa miaka milioni kadhaa. Zirkoni hubeba urani inayogeuka kuwa madini ya risasi kwa kasi inayojulikana, ndiyo maana tunaiamini kuliko ulinganisho wa wanyama. Kipimo cha namna hiyo kikipatikana Ruhuhu na kuthibitisha umri wa sasa, basi kati ya Nyasasaurus na dinosaria wa Ischigualasto kuna zaidi ya miaka milioni kumi ambayo karibu hatuna mifupa yake, na inabidi twende tukaitafute. Umri ukishuka, pengo hilo linafungika na dinosaria wanakuwa wametokea na kusambaa kwa haraka kuliko tunavyofundishana. Vyovyote itakavyokuwa, mfupa wa Parrington utabaki na tuta lake refu na nyuzi zake za ukuaji wa haraka, na bado itatupasa kueleza ulizipata wapi.