Dawa za Fangasi kwa Mtoto Mahututi: Kipimo Kinachotosha

Ndugu wauguzi, wafamasia na madaktari,

Tukitaja fangasi, wengi wetu hukumbuka utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga au mashilingi kichwani mwa mwanafunzi, mambo yasiyomnyima mtu usingizi. Leo nazungumzia fangasi aliyeingia katika damu ya mtoto ambaye tayari yu mahututi: njiti asiyefika kilo moja, mgonjwa wa saratani ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka, au yule aliyekaa wodini majuma kadhaa akiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa huku akibadilishiwa antibiotiki. Mara nyingi huwa ni kandida, fangasi wa jamii ya hamira. Dalili zake hufanana na za bakteria, na kuotesha damu maabara hukosa takriban nusu ya wagonjwa, kwa hiyo jibu la kwamba hakuna kilichoota lisitufunge mikono.

Ninalotaka tulitazame hasa ni kipimo cha dawa. Tumezoea kuichukua dozi ya mtu mzima na kuipunguza kulingana na kilo za mtoto, lakini flukonazoli, dawa ya fangasi, haikubali hesabu hiyo, kwa sababu mtoto aliyevuka uchanga huiondoa mwilini upesi kuliko mtu mzima. Ndiyo maana kandida ya damu, pale flukonazoli inapofaa, hutibiwa kwa miligramu 12 kwa kila kilo kwa siku, ilhali mtu mzima wa kilo 70 anayemeza miligramu 400 hapati hata 6 kwa kilo. Vorikonazoli, dawa ya jamii hiyo hiyo, ni vivyo hivyo: kwa mtoto wa miaka 2 hadi 11, dozi ya kuendelea kwa njia ya mshipa ni miligramu 8 kwa kilo kila saa 12, maradufu ya ile ya mtu mzima. Anayepunguza kwa kumhurumia mtoto humhurumia fangasi.

Kwa mtoto mchanga, dawa ya amfoterisini B ya kawaida, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, bado ni tegemeo, na ajabu ni kwamba wachanga huivumilia kuliko wazazi wao. Dawa hii hushika ergosteroli, aina ya mafuta iliyo katika utando wa seli ya fangasi. Seli zetu zina kolesteroli inayofanana nayo, na figo ndizo zinazoumia. Hapo kazi ni ya muuguzi: aichanganye na dekstrozi ya asilimia 5, kamwe si maji ya chumvi, maana humo hujitenga na kuwa mashapo, aipitishe polepole kwa saa kadhaa, na potasiamu ya mtoto ipimwe mara kwa mara.

Mpira wa mshipani utolewe mapema kila inapowezekana, kwani fangasi hujijengea juu yake utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Siku 14 za matibabu huhesabiwa tangu damu ilipoacha kuotesha fangasi, wala si tangu dozi ya kwanza.

Kuhusu Candida auris, aina ya kandida iliyoelezwa Japani mwaka 2009, flukonazoli mara nyingi haifui dafu. Dawa za kaspofungini na mikafungini hushambulia ukuta wa seli ya fangasi, ambao mwanadamu hana, hivyo figo husalimika. Ila haziingii vizuri kwenye ubongo, na kwa mchanga ambaye maji ya uti wa mgongo hayajapimwa, nisingezitegemea peke yake.