Ushindi uhesabiwe, jina la konferensi liwekwe pembeni

Haya jamani, naongelea futiboli ya Kimarekani ya vyuo, na jinsi timu za kucheza mchujo wa ubingwa wa taifa zinavyochaguliwa. Nianze na Desemba 2023 manake hapo ndo mi nilianza kuliona hili jambo kwa uzito wake. Chuo cha Florida State walicheza mechi 13 wakashinda zote 13, na ubingwa wa konferensi yao ya ACC (konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe) wakauchukua, afu kamati ya watu 13 inayochagua timu za mchujo ikakaa kule Grapevine, Texas, ikawaweka namba 5 na nafasi za mchujo zilikuwa 4 tu. Alabama na Texas, ambao kila mmoja alishafungwa mara moja, wakaingia. Sababu? Kwotabeki wao Jordan Travis, yani mchezaji anayeongoza mashambulizi, aliumia vibaya mguu Novemba, kwa hiyo timu siyo ile tena. Sasa yule kijana wa safu ya ulinzi aliyejituma mechi zote 13 unamwambia nini, kwamba ushindi wako tumeuona ila tunahisi mbele ungefungwa?

Sisi tumezoea msimamo wa ligi, nyumbani na ugenini, pointi zinaongea zenyewe. Futiboli ya vyuo Marekani haiko hivyo, timu za daraja la juu zinapita 130 na kila moja inacheza mechi kama 12 tu, nyingi hazikutani kabisa, kwa hiyo lazima watu wakae waamue, hilo nakubali. Shida ni pale jina la konferensi linapogeuka kuwa pointi.

Chukua UCF (chuo cha Central Florida) msimu wa 2017. Konferensi ndogo, hawajafungwa hata mechi moja, kamati ikawapa namba 12. Namba 12! Tarehe 1 Januari 2018 wakawapiga Auburn 34 kwa 27 kwenye mechi ya mwisho wa msimu ya Peach Bowl, na Auburn hao hao msimu ule walishawafunga Alabama na Georgia, yani timu mbili zilizokuja kucheza fainali.

Toka msimu wa 2024 nafasi ni 12, na misimu ya 2024 na 2025 mabingwa watano wa konferensi walio juu zaidi kwenye orodha ya kamati ilikuwa lazima waingie. Niliipenda sana hii kanuni manake mchezaji wa konferensi ndogo alijua toka Agosti kwamba njia ipo, ni yeye na uwanja. Msimu wa 2025 ikawaingiza Tulane na James Madison, vyuo vya konferensi ndogo, na Notre Dame wenye ushindi 10 wakabaki nje, basi kelele, ooh wamebana nafasi za wakubwa, ooh watachapwa. Na kweli walichapwa, James Madison 51 kwa 34 na Oregon, Tulane 41 kwa 10 na Ole Miss.

Lakini SEC, moja ya konferensi kubwa, waliingiza timu tano mwaka huo, mojawapo Alabama walioingia na vipigo vitatu mgongoni, wakapita raundi ya kwanza, afu kwenye mechi ya Rose Bowl Indiana wakawapiga 38 kwa 3. Piga hesabu mwenyewe: Tulane tofauti ya pointi 31, Alabama 35. Na sijasikia mtu anasema SEC wapunguziwe nafasi.