Kitu Chepesi Kinachozuia Kitu Kizito: Mhadhara Kuhusu Biashara ya Vifurushi, Dodoma

Mbukwenyi! Nawashukuru walionialika, nawashukuru wanafunzi wa biashara mliojaza viti vya mbele, na kwa namna ya pekee nawashukuru ndugu zangu wa bodaboda na makarani wa vifurushi wa stendi ya Nanenane. Najua kuja hapa jioni hii kuna abiria mmewaacha na kuna mizigo mmemwachia mwenzenu aipokee.

Nimeombwa nieleze jinsi kampuni changa ya kubeba nyaraka inavyoweza kukua hadi ikafika dunia nzima. Nitaieleza DHL zaidi ya nyingine, kwa sababu naamini mwanzo wake unatuhusu sisi watu wa kanda ya kati kuliko tunavyodhani.

Turudi mwaka 1969, San Francisco, Marekani. Watu watatu, Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn, wanaunganisha herufi za kwanza za majina yao ya ukoo na kufungua kampuni. Hillblom alikuwa kijana wa sheria, na akiwa bado masomoni alikuwa akijipatia riziki kwa kusafiri na nyaraka za watu kwenye ndege. Ndege hawana. Malori hawana. Wana njia moja tu, San Francisco hadi Honolulu, kule visiwa vya Hawaii.

Wakauza nini? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Meli ikitoka San Francisco inachukua siku kadhaa baharini. Ikifika Honolulu haiwezi kushusha mzigo ukatoka bandarini mpaka forodha wapitie hati za shehena. Hati zikichelewa, meli inasubiri, vibarua wanasubiri, mwenye mali anasubiri, na kila saa ina gharama yake. Mliowahi kutoa mzigo bandari ya Dar es Salaam hamhitaji kuelezwa: kontena limeshuka, wakala anakwambia karatasi moja haijakamilika, na storeji inahesabu usiku na mchana.

Wale watu watatu wakasema: tutazichukua karatasi, tutapanda nazo ndege, zitafika kabla ya meli. Forodha wataanza kazi meli ikiwa bado katikati ya bahari. Ikitia nanga, kila kitu kiko tayari. Mfuko wa karatasi ulisafiri kama begi la abiria wa kawaida, na abiria mwenyewe ndiye aliyekuwa mtumishi wa kampuni. Mtaji mkubwa ulikuwa tiketi na mtu wa kuaminika.

Karatasi zile zilikuwa na uzito wa kilo chache, na zilikuwa zinazuia maelfu ya tani. Mwenye meli hakujali nauli ya karatasi ni kiasi gani, alichojali ni siku alizookoa. Nimesoma habari za kampuni nyingi za usafirishaji, na sijaona mwanzo wenye akili kama huu: tafuta kitu chepesi kinachozuia kitu kizito, kisha ukifikishe mapema.

Sasa, walikuaje? Kwa kufuata wateja wao. Mwenye meli anayekwenda Honolulu anakwenda pia Manila, Tokyo, Hong Kong. Benki zenye hundi na nyaraka za biashara zina haja ile ile. Mwaka 1972 wakaungana na mfanyabiashara wa Hong Kong, Po Chung, wakaanzisha naye DHL International. Naipenda sana hatua hii, na watu wengi wanaipita haraka. Hawakumtuma Mmarekani akaenda kujifunza Hong Kong kuanzia sifuri. Walimtafuta mwenyeji, anayejua forodha ya pale inafanyaje kazi, ofisi zinafungwa saa ngapi, mlango upi unapitiwa na barua na upi unapitiwa na mizigo, wakampa sehemu ya biashara. Mwaka 1974 wakawa London. Kabla muongo ule haujaisha walikuwa wameshaingia Mashariki ya Kati, Amerika Kusini na Afrika. Leo mtandao wao unagusa nchi na maeneo zaidi ya 220, na makao makuu yako Bonn, Ujerumani, kwa sababu Deutsche Post, posta ya Wajerumani, ilianza kununua hisa mwaka 1998 na kufikia mwisho wa 2002 ikawa imeichukua yote.

Lakini msidhani palikuwa na mteremko tu. Kuna mambo mawili nataka niyaseme bila kuyapamba.

La kwanza ni hili. Karatasi iliyowalea ilikuja kupata mshindani: faksi, mashine inayotuma nakala ya karatasi kupitia waya wa simu. FedEx, wenzao waliofuata njia nyingine, waliingia wenyewe kwenye faksi mwaka 1984 kwa huduma waliyoiita Zapmail, wakaifunga 1986 baada ya kupoteza mamia ya mamilioni ya dola. Waliopona ni waliogundua kwamba mteja ana vitu vingine vyepesi vinavyozuia vizito, na hivyo havipiti kwenye waya: spea ya ndege, sampuli ya dawa, kifaa cha mashine ya kiwandani. Hapa Dodoma tumeliona jambo hilo hilo kwa macho yetu. Bahasha ya zabuni ya Serikali iliyokuwa ikikimbizwa ofisini kabla ya muda kwisha, siku hizi kazi yake inafanyika ndani ya NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni za mtandaoni. Kijana aliyekuwa anategemea bahasha peke yake lazima atazame kwingine.

La pili: DHL ilizaliwa Marekani, na soko la ndani ya Marekani liliishinda. Mwaka 2003 waliinunua kampuni ya Airborne ili wapambane na UPS na FedEx nyumbani kwao, wakapata hasara juu ya hasara, na Januari 2009 wakafunga huduma za kupeleka mizigo kutoka mji mmoja wa Marekani hadi mwingine. Wakabaki na ya kimataifa. UPS walikuwa wameijenga njia ile tangu 1907 pale Seattle, kijana wa miaka 19, James Casey, na mwenzake wakianza na mkopo wa dola 100. Huwezi kununua kwa pesa ya mwaka mmoja mazoea ya miaka mia. Ukubwa wa jina hausaidii mahali ambapo mwingine anaijua mitaa kuliko wewe.

Na hapo ndipo nawaangalia nyinyi wa stendi.

Twendeni dirishani. Mtu yuko Kariakoo, anatuma boksi la spea kuja Dodoma, kilomita zipatazo 450. Karani anaandika kwa maka juu ya boksi: jina, namba ya simu, DODOMA. Anakata risiti yenye kaboni, nakala moja kwa mtumaji. Boksi linaingia kwenye buti. Likifika Nanenane linashushwa pamoja na viroba vya mchele na godoro la mtu, linasukumwa chini ya meza, na karani wa hapa anaanza kupiga simu: "Mzigo wako umefika, njoo na kitambulisho." Simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa, boksi linalala pale. Mpokeaji akipiga mchana kuulizia, anajibiwa "gari limeshapita Morogoro." Gari linajulikana liko wapi, boksi halijulikani.

Huduma hii nakataa kuidharau. Imelisha familia na imefikisha dawa kwa wagonjwa. Ninachosema ni kwamba mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine kuna muda ambao hauna mwenyewe, na muda huo ndio FedEx waliuwekea kazi. Walianza kurusha ndege usiku wa tarehe 17 Aprili 1973, ndege 14, vifurushi 186, miji 25. Kila kitu kilikwenda kwanza mji wa Memphis, Marekani, kikachambuliwa usiku, kikaondoka kabla ya alfajiri. Mwaka 1979 wakaweka mfumo wa kompyuta wa kufuatilia mizigo, na 1986 wakawapa wafanyakazi kifaa cha mkononi cha kusoma mistari ya msimbo. Kila anayepokea anaandikwa, kila anayekabidhi anaandikwa. Sisi leo kila mmoja wetu ana simu yenye kamera. Picha ya boksi likiingia, picha likitoka, jina la aliyelishika: hilo halihitaji mwekezaji.

Kisha tazameni ramani. Barabara ya Iringa kupitia Mtera, ya Arusha kupitia Kondoa na Babati, ya Singida kuelekea Mwanza, ya Morogoro na Dar es Salaam, zote zinakutana hapa. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar kwa takriban saa nne. Kutoka mji hadi mji mwendo umeshapatikana. Kinachochelewa ni kutoka stendi hadi mlangoni, na kutoka mjini hadi wilayani. Hata kisingizio cha kwamba nyumba hazina namba kimepungua tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Kibao cha mtaa kipo, namba ya nyumba ipo, postikodi yetu inaanza na 41. Tuandike hiyo kwenye boksi badala ya "jirani na duka la dawa."

Hati yetu ya shehena ni ipi? Mimi jibu langu ni spea. Msimu wa alizeti, mashine ya kukamua inaharibika beringi kijijini huko Kondoa au Kongwa. Beringi inaenea kiganjani. Mashine imesimama, magunia yamepangwa hadi nje, wakulima wamekaa juu ya magunia yao, mwenye mashine anapanda basi mwenyewe kuja mjini kutafuta. Siku mbili zimekwenda. Mtu huyo hatabishana nawe bei ukimwahidi kwamba beringi itamfikia leo leo kabla ya jua kuzama, na ikamfikia kweli. Trekta iliyosimama wakati wa kulima ni hivyo hivyo. Sampuli za maabara nazo zina haraka yake, ila hizo zina masharti ya kitaalamu, mtu asizibebe kwa kubahatisha.

Kwa hiyo sishauri mtu aanze na mkoa mzima. Njia moja. Mwenyeji mmoja mwaminifu upande wa pili, mwenye hisa yake, siyo kibarua wa kulipwa kwa siku. Maduka machache ya spea mjini yanayokujua kwa jina. Na leseni: huduma ya kusafirisha vifurushi iko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kuna madaraja ya leseni kutegemea unafika wapi. Nendeni ofisini kwao muulize kabla hamjapaka rangi pikipiki, maana mwenye duka kubwa na hospitali hawatakukabidhi mali yao kama huna karatasi hiyo.

Wenzangu wa Kondoa na Kongwa, tukimaliza maswali nitakuwa pale karibu na mlango. Njooni na daftari. Nataka tukae tuorodheshe mashine za alizeti zilizosimama msimu uliopita, zilisimama kwa spea gani na kwa siku ngapi, kwa sababu bei ya kwanza ya huduma hii tutaipata humo.