Barua Iliyorudishwa: Utawala wa Kennedy katika Kanda, Makaratasi na Midomo ya Watu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojazana mpaka dirishani, asanteni kwa kuja. Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufanya utafiti katika kumbukumbu za utawala wa rais wa Marekani. Marais ni wengi na saa tuliyopewa ni moja, kwa hiyo nimemchukua John F. Kennedy peke yake, na katika utawala wake nimechukua siku kumi na tatu tu, kuanzia tarehe 16 hadi 28 Oktoba 1962, wakati makombora ya nyuklia ya Urusi ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba. Ni serikali chache mno duniani zilizowahi kuacha ushahidi mwingi kiasi hiki juu ya siku chache kiasi hiki: kuna kanda za sauti, kuna mafaili, kuna mahojiano ya wahusika, kuna vitabu vyao. Na bado jambo kubwa kuliko yote lililofanyika siku zile lilifichika kwa zaidi ya robo karne. Hoja yangu leo ni kwamba siri ile haikutoka kwenye makabati ya Washington. Sehemu yake kubwa ilitunzwa na mtu wa upande wa pili, kwa sababu tu alikuwa balozi hodari wa kuandika ripoti.

Nianze kwa haraka na mahali vitu vilipo. Kumbukumbu za Kennedy ziko Boston, Columbia Point, ufukweni kabisa, katika jengo lililochorwa na I. M. Pei na kufunguliwa Oktoba 1979. Linaendeshwa na Idara ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Wengi wetu hudhani ilikuwa hivyo siku zote, kwamba karatasi za rais ni mali ya serikali. Haikuwa hivyo. Kwa mazoea ya Wamarekani, rais aliyeondoka madarakani aliondoka na karatasi zake kama mtu anavyohama na masanduku yake. Kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Richard Nixon madarakani, ndiyo iliyovunja mazoea hayo: mwaka 1974 Bunge lilitunga sheria ya kuzuia kanda na karatasi za Nixon, na mwaka 1978 likatunga nyingine inayozifanya nyaraka za rais kuwa mali ya umma, ikaanza kumhusu Reagan mwaka 1981. Kennedy yuko kabla ya hapo. Kanda zake zilibaki mikononi mwa familia na wasaidizi wake mpaka katikati ya miaka ya 1970.

Na kuwapo kwa kanda hizo kwenyewe kulijulikana kwa mlango wa nyuma. Julai 1973 msaidizi wa Nixon, Alexander Butterfield, aliliambia Baraza la Seneti kwamba Nixon alikuwa akirekodi mazungumzo ofisini kwake. Nchi ikashtuka. Siku hizo hizo ikabidi watu wa Kennedy nao waseme: hata sisi tunazo.

Kennedy alifungiwa mitambo hiyo katika kiangazi cha 1962. Vipaza sauti vilifichwa ofisini kwake na katika chumba cha Baraza la Mawaziri, mashine yenyewe ikawekwa ghorofa ya chini. Hapa kuna tofauti kubwa na Nixon, na naomba muishike. Mtambo wa Nixon ulijiwasha wenyewe mtu akianza kusema, ndiyo maana ulimnasa hata yeye mwenyewe, saa kama 3,700 za maneno. Wa Kennedy ulikuwa na swichi, na kidole kilikuwa cha Kennedy. Waliobaki mezani, ukimtoa labda ndugu yake Robert, hawakujua kitu. Zikapatikana takriban saa 248 za mikutano, na nyingine kama 12 za simu.

Sikilizeni zilivyo, maana leo mnaweza kuzipata bure mtandaoni, bando lako tu. Sauti ni mbovu. Mtu anakohoa, mwingine anagonga kikombe, wawili wanaongea kwa pamoja. Sheldon Stern, aliyekuwa mwanahistoria wa maktaba hiyo, alizisikiliza kwa miaka, kisha akaja kuzikosoa hadharani nakala za maandishi zilizochapishwa na wataalamu wenzake, kwamba maneno mengi yalinakiliwa visivyo. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: nakala ya maandishi ni msaada, ushahidi ni sauti.

Nichukue tarehe 19 Oktoba, asubuhi. Kennedy anakutana na wakuu wa majeshi. Wao wanataka Cuba ipigwe kwa ndege, tena haraka. Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga anamwambia rais wake, uso kwa uso, kwamba kuzuia meli tu zinazokwenda Cuba bila kupiga ni kubaya karibu sawa na kule kumbembeleza Hitler pale Munich mwaka 1938, Uingereza na Ufaransa zilipomwachia sehemu ya Czechoslovakia. Mnajua maana ya neno hilo kwa Kennedy? Baba yake alikuwa balozi London wakati wa Munich, na alisifika vibaya kwa kuunga mkono kubembeleza huko. Baadaye LeMay anasema: Mheshimiwa Rais, umo katika hali mbaya. Kennedy anamuuliza amesemaje, LeMay anarudia. Kennedy anamjibu kwamba basi na wewe umo humo humo pamoja nami.

Kisha Kennedy anatoka chumbani. Mkanda unaendelea kuzunguka. Majenerali wanadhani wamebaki peke yao, na Jenerali Shoup wa wanamaji wa nchi kavu anaanza kumpongeza LeMay kwa jinsi alivyombana rais. Hakuna muhtasari wa kikao duniani ambao ungekupa dakika zile.

Sasa tuje kwa Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu. Aliandika kumbukumbu zake za siku hizo, zikachapishwa mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwake. Humo tunamwona mtu wa busara aliyekuwa akiwatuliza wenye papara. Vizazi vya wasomaji vimelelewa na picha hiyo. Lakini ukisikiliza mkanda wa tarehe 16, siku ya kwanza kabisa, unamsikia Robert huyo huyo akiuliza kama haiwezekani kutafuta kisingizio cha vita, labda kupitia kambi ya Guantanamo, labda kuzamisha meli kama ile Maine. Maine ni manowari ya Marekani iliyolipuka bandarini Havana mwaka 1898, ikawa chanzo cha vita na Hispania.

Alidanganya? Mimi sisemi hivyo. Siku ile karibu wote walielekea kwenye mashambulizi ya anga, Kennedy mwenyewe akiwamo, na Robert alibadilika kadiri siku zilivyokwenda. Mtu akishajua mambo yaliishaje, hujikumbuka akiwa tayari amesimama upande ulioshinda. Na huyu alikuwa mwanasiasa aliyegombea urais mwaka 1968. Msomeni mkijua hilo.

Tarehe 27 Oktoba, Jumamosi, ndiyo siku iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ndege ya upelelezi aina ya U-2 ilitunguliwa juu ya Cuba, rubani wake Rudolf Anderson akafa. Asubuhi hiyo Nikita Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alikuwa ametoa sharti jipya hadharani: Marekani iondoe makombora yake ya Jupiter yaliyoko Uturuki. Yalikuwa 15. Kwenye mkanda wa siku hiyo unamsikia Kennedy, saa baada ya saa, akiwaambia washauri wake kwamba kwa mtu yeyote mwenye akili timamu hayo yataonekana ni mabadilishano ya haki. Karibu meza nzima inampinga. Wanasema Waturuki watajiona wameuzwa, NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, itatetereka. Yeye anarudi pale pale: tutaingiaje vitani kwa ajili ya makombora ambayo hata sisi hatuyataki?

Jioni anawaita watu wachache ofisini kwake. Makamu wa Rais Johnson hakuitwa. Hapo ndipo inaamuliwa Robert akamwone balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, amwambie kwamba Jupiter zitaondoka, ila kimya kimya, na Moscow isije ikasema popote. Na swichi? Haikuwashwa. Mwenye saa 248 za kanda hakutuachia hata neno moja la kikao hicho. Kila tunachokijua kimetoka vinywani mwa waliokuwamo, miaka mingi baadaye.

Kesho yake Khrushchev akatangaza kuondoa makombora yake. Dunia ikapumua. Hadithi iliyotolewa ni kwamba Kennedy alikaza, mwenzake akalegea, hakuna kilichotolewa. Hapa niseme neno juu ya Adlai Stevenson, balozi wao Umoja wa Mataifa, kwa sababu bado linaniuma. Desemba mwaka huo jarida moja kubwa la Marekani lilichapisha makala, mmoja wa waandishi wake akiwa rafiki wa karibu wa Kennedy, iliyomchafua Stevenson kwamba alitaka Munich nyingine. Alikuwa amependekeza kuzungumzia makombora ya Uturuki. Yaani alidhalilishwa hadharani kwa wazo ambalo rais wake alikuwa ameshalitekeleza kwa siri.

Sasa barua. Tarehe 29 Oktoba, Dobrynin anamletea Robert barua ya Khrushchev, na ndani yake makubaliano ya Uturuki yametajwa waziwazi. Ni jambo la kawaida la kiserikali: tumekubaliana, tuandikiane. Kesho yake Robert anamrudishia barua. Anamweleza kwamba hawezi kuingia katika kuandikiana barua za namna hii, kwa kuwa nani ajuaye barua kama hiyo itaibukia wapi na lini, na ikiibuka itamharibia mustakabali wake wa kisiasa. Dobrynin anaichukua.

Nani ametuambia hayo? Dobrynin. Alikwenda ubalozini, akakaa, akaandika telegramu kwenda Moscow akieleza kila kilichosemwa, pamoja na hilo la mustakabali wa kisiasa. Telegramu zikawekwa faili katika wizara yao ya mambo ya nje, na baada ya Umoja wa Kisovieti kuanguka zikatolewa kwa watafiti katika miaka ya 1990. Robert alifaulu kuizuia karatasi isibaki Washington. Hakuweza kuizuia ripoti ya kuizuia.

Na upande wake mwenyewe umebaki uthibitisho mmoja mdogo, Boston. Ni rasimu ya taarifa ya Robert kwa Waziri wa Mambo ya Nje Dean Rusk, ya tarehe 30 Oktoba, kuhusu mkutano wake na Dobrynin. Imepigwa taipu vizuri. Pale inapokaribia kusema kwamba, ukipita muda wa miezi minne au mitano, suala la Uturuki litapata ufumbuzi mzuri, sentensi imekatwa kwa mkono. Jupiter za Uturuki ziliondolewa Aprili 1963. Hesabuni wenyewe miezi.

Mwaka 1989, Januari, wakongwe wa pande zote walikutana Moscow kuzungumzia mgogoro ule. Dobrynin akasema wazi kwamba mabadilishano yalikuwapo, na kwamba kitabu cha Robert hakikusema yote. Mezani alikuwapo Theodore Sorensen, mwandishi wa hotuba za Kennedy, ambaye ndiye aliyekihariri kitabu hicho baada ya mwenyewe kufa. Akakiri: shajara za Robert ziliyataja makubaliano hayo waziwazi, na yeye Sorensen ndiye aliyeyaondoa, kwa kuwa wakati ule ilikuwa bado siri.

Msije mkaondoka hapa mkisema Mzee kasema kumbukumbu za watu ni uongo mtupu. Kuna Afrika ndani ya hadithi hii inayosimuliwa zaidi na watu kuliko na kanda. Wamarekani walihofia ndege za Kisovieti zingepitia Afrika Magharibi kwenda Cuba, na Guinea na Senegal zilikataa kuzipa ruhusa ya kutua. Balozi wa Marekani kwa Sékou Touré, rais wa Guinea, alikuwa William Attwood, yule yule aliyekuja Nairobi kuwa balozi kuanzia 1964. Ukitaka kujua viongozi wetu walifikiri nini walipoombwa hivyo, kanda za chumba kile hazitakusaidia sana. Utahitaji mabalozi, na utahitaji Conakry na Dakar, ambako watafiti wachache mno wamekwenda.

Na kuna Rusk. Mwaka 1987, robo karne baadaye, aliwaandikia barua wasomi na wakongwe waliokutana Florida. Akasema usiku ule wa tarehe 27 Kennedy alimwagiza aandae maneno ampe Andrew Cordier wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyewahi kuwa ofisa mkubwa wa Umoja wa Mataifa. Ikibidi, Cordier angempelekea Katibu Mkuu U Thant, naye angetoa wito wa kubadilishana makombora kana kwamba wazo ni lake, na Kennedy angekubali hadharani. Ishara ya kumtuma haikutolewa, kwa sababu Khrushchev alikubali mapema. Rusk anasema yeye, rais na Cordier tu ndio waliojua. Kennedy alishauawa, Cordier alifariki mwaka 1975. Mkanda hakuna. Stern na wengine wana mashaka makubwa na habari hiyo. Mimi naelekea kuiamini, kwa sababu inafanana na sauti ya Kennedy ninayoisikia mchana wa siku ile, lakini najua kufanana si ushahidi, na mwanafunzi wangu akiniletea hoja ya namna hiyo kwenye tasnifu nitamrudisha akatafute zaidi.

Mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na yule dada wa pale nyuma, tangu nilipomtaja Robert anatikisa kichwa.