Mita ya Bei Nafuu: Tazama Fyuzi Kabla ya Tarakimu

Ndugu zangu, nimekuja na mita mbili za kupimia umeme (multimeter). Hii ndogo ndiyo wengi wetu tulianza nayo, inatumia betri ya volti 9. Hii nyingine ni ya bei ya kati. Kwa saketi zetu za mezani, zote mbili zitakupa jibu linalotosha, isipokuwa mara moja moja, na nitaeleza.

Muuzaji atakusifia tarakimu. Hii ndogo kioo chake huishia 1999, kwa hiyo volti 3.3 itazionyesha 3.30. Mwenzake, anayefika 5999, ataandika 3.300. Hiyo sifuri ya mwisho, nani hapa aliwahi kuihitaji usiku wa manane akitafuta kwa nini taa haiwaki?

Usiku huo unachotaka ni mlio wa kukuambia kwamba pointi mbili zimeungana. Umeshalehemu, unagusa huku na huku, usikie piii papo hapo. Kuna mita zinazojifikiria kwanza, na mkono wako umeshahamia pini nyingine. Kabla ya kulipa, gonganisha ncha zake haraka haraka usikilize.

Sasa ile mara moja moja. Chukua rezista mbili (vipande vya kuzuia mkondo) za megaomu 1, ziunge mfululizo kwenye betri ya volti 9, upime katikati. Unatarajia 4.5. Mita nyingi ndogo za aina hii zina ukinzani wa ndani wa megaomu 1, basi itakuonyesha 3. Haijaharibika: yenyewe imeingia kwenye saketi na kunywa sehemu ya umeme. Yenye megaomu 10 itasoma karibu 4.3. Na betri ya mita ikichoka, namba nyingi hupanda juu ya ukweli. Nimewahi kulaumu chaja isiyo mbovu kwa kosa hilo.

Lakini pesa yangu ningeiweka kwenye fyuzi ya tundu la ampea 10, lile la kupimia mkondo mkubwa. Kwa ndani, tundu hili ni kipande cha waya mnene tu. Ukipima mkondo, ukasahau kurudisha waya mwekundu mahali pake, kisha ukagusa ncha za betri kupima volti, umepiga shoti. Nilifanya hivyo kwa betri ya lithiamu. Ncha zilitoa cheche na plastiki ya waya ikaanza kunuka. Mita ile haikuwa na fyuzi upande huo, na ilikuwa imeandikwa wazi pembeni mwa tundu, mimi sikusoma.

Umeme wa ukutani? Kwa mita ya aina hii, hapana. Maandishi ya CAT III, yale ya kudai mita ni salama kwa umeme wa jengo, mtu yeyote anaweza kuyachapa. Fyuzi nene ya kauri ni vigumu kuigiza.

Haya, waliokuja na mita zao wachomoe waya, wafungue mgongo tuzione fyuzi. Bisibisi ziko hapa mbele.