Kipindi: Hodi hewani

HAMADI: Karibuni tena. Mimi Hamadi, niko Dar, feni imenielekea usoni, kwa hiyo mkisikia mvumo msiilaumu mitambo. Da Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Zuhura hapa, mtoto wa Mombasa niliyepotelea kwenye theluji ya Minneapolis.

HAMADI: Wasikilizaji, dada yenu kapata leseni. Si ya gari. Ya simu ya upepo!

ZUHURA: Redio ya ridhaa, Hamadi. Ridhaa kama ndondi za ridhaa: unapigwa na hulipwi.

HAMADI: Mimi nakumbuka zile za vituo vya polisi zamani. Mtu anapiga kelele “unanipata, unanipata”, na hapatikani.

ZUHURA: Zile ni za kazi. Hii yetu kazi hairuhusiwi. Huwezi kuuza mtumba humo, huwezi kupiga muziki, na huwezi kuficha maneno kwa msimbo, maana kila mtu ana haki ya kusikiliza. Unaongea, unajaribu mitambo, na yakitokea maafa unasaidia kupeleka habari.

HAMADI: Samahani dada, lakini kama ni kupiga soga, si kuna WhatsApp?

ZUHURA: Kwenye WhatsApp unapita njia ya mtu. Bando likiisha umenyamaza. Hapa una waya wako, betri yako, basi. Kinachobaki ni anga, na anga halina bando.

HAMADI: Haya. Huo mtihani ulikuwaje?

ZUHURA: Marekani kuna madaraja matatu: Technician, General, na Extra. Unaanza na Technician. Maswali yote yako hadharani, zaidi ya 400, pamoja na majibu yake. Siku yenyewe unapewa 35, ukipata 26 umepita.

HAMADI: Majibu yako hadharani? Huku tunaita mtihani umevuja!

ZUHURA: Ndiyo maana nikafanya nilivyofanya. Nilikariri kama mtoto wa chuoni anayesoma asichokielewa. Nikapata 33. Nikalipa dola 35 za FCC, hao ndio wasimamizi wa mawasiliano huku, na leseni ikaja, ya miaka 10. Halafu nikanunua redio ya mkononi ya Kichina, wati 5, nikatoka barazani kwa madaha, nikabonyeza, nikajitaja. Kimya.

HAMADI: Labda watu walikuwa kazini.

ZUHURA: Wiki nzima, Hamadi? Nawasikia wanaongea, tena vizuri, wanazungumzia magoti yao na bei ya mayai. Nikiingia mimi, kama sipo. Nikaanza kudhani wanaisikia lafudhi wananipuuza.

HAMADI: Duh. Kumbe?

ZUHURA: Kumbe sikupiga hodi. Sikiliza. Redio ndogo ya mkononi haifiki mbali, kwa hiyo mnatumia ripita. Ni mtambo umewekwa juu ya jengo refu. Unaipokea sauti yako dhaifu kwenye masafa moja, unairusha upya kwa nguvu kwenye masafa mengine. Sasa ili usifunguke kwa kila kelele inayopita, nyingi zinasubiri toni, mlio mzito unaokwenda chini ya sauti yako muda wote umebonyeza. Usipokuwa nao, mlango haufunguki. Ulie, ucheke, uko nje.

HAMADI: Na hiyo toni kwenye mtihani haikuwemo?

ZUHURA: Ilikuwemo! Na nililipata hilo swali! Nilijua jibu ni la herufi gani, sikujua ni kitu gani. Nikawarudia wazee walionisimamia mtihani. Wanasimamia watatu, wote wa kujitolea. Mmoja akaichukua redio, akavaa miwani, akaingiza namba ya toni yao, 114.8, akanirudishia. Nikabonyeza, nikajitaja, nikaachia. Ukabaki mkwaruzo kidogo, kama sekunde mbili, kisha ukakata. Huo mkia ndio ripita inakuambia karibu. Halafu mtu nisiyemjua akanijibu, nikasahau kila kitu. Hata jina langu nilimtajia mara tatu.

HAMADI: Na majina yenu si majina, ni kama namba za gari.

ZUHURA: Kolisaini. Yangu inaanza na K na ina sifuri katikati, maana Minnesota iko kanda ya sifuri. Na hapa niwaonye walioko Marekani: ukipata leseni, anwani uliyoandika kwenye fomu inawekwa mtandaoni kila mtu aione. Andika sanduku la posta. Mimi niliambiwa mapema, alhamdulillahi.

HAMADI: Sasa bi mkubwa Mombasa, ushamsalimia?

ZUHURA: Hapo ndipo palipoumiza. Kwanza daraja la Technician linakupa sehemu ndogo tu ya masafa ya kwenda mbali. Ikabidi nisome tena, nifanye General. Safari hii nilisoma kwa kuelewa. Nikafunga waya wa antena darini, mita 10 na kidogo, nusu ya wimbi la megahezi 14. Pili, sheria ya huku: mtu asiye na leseni hawezi kukaa kwenye redio ya mwenzake akasalimiana na nje, ila kwa nchi zenye makubaliano na Marekani. Kenya haimo. Tanzania haimo. Unajua nani yumo? Komoro!

HAMADI: Wangazija wametupiga chenga!

ZUHURA: Wametupiga. Kwa hiyo mama lazima apate leseni yake, na mama hana hamu.

HAMADI: Mimi je? Ukija likizo na hiyo redio yako?

ZUHURA: Nikiibonyeza tu nimevunja sheria. Leseni yangu haivuki mpaka yenyewe. Kwenu ni kuomba TCRA, na kolisaini za Tanzania zinaanza na 5H. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, 5Z. Usinunue redio kwanza halafu ndio uulize kibali. Anza kusikiliza. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wana redio yao wameiweka mtandaoni, unaizungusha kwa simu yako hapo ulipo, bure. Sikiliza mwezi mmoja, ndio ujue kama inakufaa.

HAMADI: Na wewe, kutoka kwetu hujasikia kitu?

ZUHURA: Nimesikia. Kuna vinara 18 duniani, yaani mitambo inayojirusha yenyewe ili watu wapime mawimbi yanafika wapi, vinapokezana kwenye megahezi 14.100. Kila kimoja kina sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kinajitaja kwa Mosi, zile alama za nukta na vistari, kisha kinatoa milio minne mirefu: wa wati 100, wa 10, wa 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Cha Kenya ni 5Z4B, kinakuja baada ya cha Afrika Kusini. Nimekaa darini na blanketi, saa kumi jioni, kwenu imeshafika saa sita usiku. Afrika Kusini, kimya. Halafu nukta tano za haraka, kama mtu anagonga kucha kwenye meza. Mosi siijui hivyo, nikairekodi kwa simu nikaichezesha polepole. Nukta tano ni 5. Nikaandika herufi moja moja kwenye bahasha.

HAMADI: Ikatoka 5Z4B.

ZUHURA: Ikatoka. Mlio wa wati 100 niliusikia. Wa wati 10 niliusikia. Huo wa tatu, wati moja, Hamadi, nimeurudia mara ishirini na sijui kama nausikia au naulazimisha.

HAMADI: Nitumie.

ZUHURA: Nakutumia. Kwa WhatsApp.